Matone Niliyoyaficha

Siku yangu ya kwanza katika idara ya maji, pale Tanga mjini, nilikabidhiwa kioo cha kunyolea ndevu. Nilikuwa kijana wa Chumbageni, ndevu zenyewe bado sina, nikadhani natiwa kwenye mzaha wa wageni. Lakini Fundi Yohana, Mbondei mrefu aliyepewa kazi ya kunifunza, hakucheka. Alinipeleka kwenye kisima kilichokuwa nyuma ya karakana, akaunasa mwanga wa jua kwa kile kioo na kuutupa chini. Nikaona kuta, nikaona maji, nikaona na ufa uliokuwa ukivuja upande mmoja.

"Tochi huishiwa," akasema. "Jua la Tanga bado halijaishiwa."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Ninyi mlioingia kazini juzi mmekuta mitambo mingi. Sisi tulikuwa na kioo, kamba yenye mafundo na kipande cha madini ya risasi mwishoni, na sanduku dogo la mbao lenye chupa mbili za dawa. Sanduku hilo ndilo lililonifundisha kazi, na ndilo lililonitesa, kwa hiyo nilieleze. Unatia maji ya kisima kwenye kichupa hadi kwenye alama. Unaongeza dawa ya kwanza, maji yanakuwa ya manjano. Halafu unadondosha dawa ya pili, tone baada ya tone, huku ukitikisa na kuhesabu, mpaka manjano yageuke rangi ya tofali. Matone machache, maji matamu. Matone mengi, chumvi. Kazi hiyo haitaki kisomo kikubwa. Inataka mtu anayejua kuhesabu na anayesema kweli. La kwanza nililiweza mapema.

Fundi Yohana alikuwa na desturi moja niliyoiona kama ni adabu tu za wazee. Tukifika kijijini hakushusha kamba kisimani mpaka amtafute mtu aliyekuwa akikiangalia kisima hicho. Wakati mwingine tulikaa barazani saa nzima tukingoja bibi arudi shambani.

"Fundi, kisima hiki ni cha serikali," nilimwambia siku moja. "Nani wa kumsubiri?"

"Hata cha serikali kina mwenyewe," akanijibu. "Yupo anayejua kilikauka lini mara ya mwisho. Wewe unajua?"

Sikujua. Lakini moyoni niliona tunapoteza siku.

Mwaka wangu wa pili nilitumwa peke yangu kwenye kijiji kimoja upande wa kaskazini, kabla hujafika Moa. Jina lake naliacha. Wajukuu wa wahusika wapo, na sikuwaomba ruhusa. Karibu na kijiji hicho palikuwa na shamba la mkonge lililokuwa likitanuliwa, na kambi mpya ya manamba, vibarua wa mkataba, ilikuwa imejaa watu kutoka bara, wengine na wake zao na watoto. Kambi haikuwa na maji. Kijiji kilikuwa na visima vitatu vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe zamani, hakuna aliyejua na nani. Bwana injinia wa idara yetu alitaka kujua kama kimojawapo kingefungwa pampu ya dizeli, kijiji kikinge bombani na kambi nayo ipate. Watu wa kambi walikuwa na kiu ya kweli. Sitaki mtu asome habari hii akadhani tulikwenda pale kwa ubaya.

Aliyeviangalia visima alikuwa Bi Mejumaa, Mdigo, mjane, mwanamke mkavu wa maneno. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba huku akitazama viatu vyangu.

"Vua," akasema.

Nikavua. Masharti yake yalikuwa mengi. Kamba za kisimani zilikaa nyumbani kwake, kila moja pima nne, na hazikuunganishwa. Watu walichota kwa kata za vifuu na ndoo ndogo za ngozi. Debe la bati lilikatazwa. Walichota tangu alfajiri hadi jua la utosi, basi, mpaka kesho yake. Na kila mwezi kisima kimoja kati ya vile vitatu kilifunikwa kwa makuti, kikaachwa.

"Kimeharibika?" nilimuuliza kuhusu kile kilichofunikwa.

"Kimelala."

Niliandika neno hilo kwenye daftari langu, na pembeni yake nikaandika: ushirikina. Daftari ninalo bado. Nilishusha kamba yangu mwenyewe, nikakuta maji yanakwenda chini mbali zaidi ya pima zake nne. Nikahesabu matone: manane. Maji matamu kabisa. Taarifa yangu ilikuwa fupi na ya kujiamini. Niliandika kwamba maji ni mengi, na kwamba shida ya kijiji ni kamba fupi.

Kabla sijaondoka Bi Mejumaa aliniuliza swali moja tu. "Huo mdomo wa mashine yenu utashuka hadi wapi?"

"Hadi chini kabisa, bibi," nikamwambia kwa fahari. "Hakuna tone litakalobaki bure."

Alikwenda zake kuanika mihogo. Nilidhani nimemshinda.

Pampu ilifungwa kiangazi kilipoanza. Niliachwa kijijini niiangalie, nikapanga chumba nyumba ya tatu kutoka kisimani, nikaitwa Bwana Maji na kupewa kiti kila nilipokwenda. Wiki za mwanzo zilikuwa za furaha. Tangi la bati lilijaa, bomba lilifika kambini, wanawake waliokuwa wakipanga foleni tangu alfajiri sasa walikinga saa yoyote. Hata waliokuwa wakimheshimu Bi Mejumaa walianza kutabasamu wakipita mlangoni kwake. Fundi Yohana alikuwa mbali, Mwera kule Pangani, akisimamia uchimbaji wa kisima kingine. Nilimwandikia barua ndefu ya kujisifu. Alinijibu mistari miwili: amefurahi, na Bi Mejumaa anasemaje?

Sikuwa nimemuuliza.

Kila Jumatatu nilipima maji. Wiki ya tano matone yalikuwa tisa. Ya sita, kumi na moja. Nilisema dawa imezeeka. Nikafungua chupa mpya, nikapima tena: kumi na mbili. Nilikaa nimekishika kile kichupa chenye rangi ya tofali. Halafu nikaandika kwenye fomu: nane.

Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini. Sikuwa mwizi, sikuwa mvivu. Niliogopa tu. Taarifa ya kwanza ilikuwa na jina langu chini yake, na niliona aibu ikinijia kutoka mbali kama mvua unayoiona ikinyesha kijiji cha jirani. Nikajiambia wiki ijayo yatashuka. Wiki iliyofuata yalikuwa kumi na tano. Nikaandika nane. Kwenye daftari langu, ambalo hakuna aliyelisoma, niliandika kumi na tano. Nikawa mtu mwenye vitabu viwili, na wote mnajua mtu wa namna hiyo hulala vipi.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nikisikia mashine inanguruma nilitamani izime; ikizima nilikimbia kuiwasha kabla watu hawajauliza. Nilianza kunywa madafu ili nisiyaonje maji niliyokuwa nikiwapa wenzangu. Wanawake ndio waliogundua kwanza, bila sanduku wala dawa. Sabuni haikutoa povu. Mbaazi zilichemka kutwa na zikabaki ngumu. Mwanamke mmoja wa kambini, Rosa, Mkatoliki kutoka upande wa Songea, alinisimamisha bombani akiwa na mtoto mchanga mgongoni.

"Bwana Maji, nimebadilisha kuni, nimebadilisha chungu. Mbaazi haziivi."

"Labda ni za mwaka jana," nikamwambia.

"Ni za juzi. Nimezichuma mwenyewe."

Nikamwambia nitaangalia. Alisema asante.

Siku kumi baadaye Rosa alikuja tena, mchana, anakimbia. Mtoto alikuwa akiharisha tangu juzi. Midomo yake ilikuwa imekauka na utosi umebonyea. Rosa alisema kila akimpa maji ya bomba anayatema au yanapita moja kwa moja. Zahanati ilikuwa mwendo mrefu na lori la shamba lilikuwa limekwenda mjini. Mimi si mganga; siwezi kusema kilichomwanzia mtoto yule kilikuwa ni chumvi. Lakini nilijua ni maji gani mama yake alikuwa akimpa, na mimi peke yangu ndiye niliyejua idadi ya matone. Asubuhi ile yalikuwa thelathini na moja.

Nilimchukua Rosa hadi kwa Bi Mejumaa. Visima viwili vilivyobaki vilikuwa karibu na cha pampu, na sikuwa nimethubutu kuvipima. Kama navyo vimeharibika, nilikuwa nimekinywesha bahari kijiji kizima.

Bi Mejumaa hakuuliza kitu. Alimtazama mtoto, akachukua kamba na kata, akaenda kwenye kisima kilicho mbali zaidi na pwani, kile kilichokuwa kimefunikwa. Alitoa makuti, akashusha kata taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu, akaileta juu haijajaa. Alionja kwanza yeye. Kisha akampa Rosa.

"Mnyweshe kidogo kidogo. Usimpe mengi kwa pupa."

Tulikaa pale mpaka alasiri. Mtoto alikunywa vijiko, akalala, akaamka, akanywa tena. Alipokojoa kwenye kanga ya Bi Mejumaa, bibi yule alisema, "Haya, huyu yupo," akaenda kubadili. Jioni lori lilirudi, Rosa akapelekwa zahanati, na mtoto alipona. Naliandika hilo mapema ili msiwe na wasiwasi niliokuwa nao mimi.

Rosa alipoondoka nilibaki. Nilimwambia Bi Mejumaa kila kitu: matone, fomu, nane za uongo. Aliendelea kukunja kamba.

"Bibi, wewe ulijua lini?"

"Wiki ya pili. Niliyaonja."

"Wiki ya pili? Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Nilitaka kukasirika. Kisha yeye mwenyewe akakaa chini, na uso wake ukabadilika. "Nami nilikosa," akasema. "Nilikuwa na hasira. Nilitaka watu waone. Sikufikiria kuwa wa kwanza kuona atakuwa mtoto."

Ndipo akanieleza, na alinieleza kwa chungu kilichokuwa jikoni kwake. Maji matamu ya kwetu, alisema, yamelala juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Bahari ipo chini yetu, imepita ndani ya mawe. Ukipitisha upawa juu juu utapata mafuta, na ukingoja mafuta hujikusanya tena. Ukizamisha upawa hadi chini umechota mchuzi, na ukikoroga umevichanganya. Ndiyo maana kamba ni pima nne. Ndiyo maana debe halitakiwi, maana huzama kwa kishindo na kubeba mengi. Ndiyo maana kisima hulala.

"Na viatu?" nikamuuliza.

"Viatu sijui. Mama yangu alivua."

Niliizima ile mashine ya dizeli siku hiyohiyo. Meneja wa shamba alikuja na gari, akasema watu wake mia kadhaa hawawezi kusubiri ndoto za vikongwe. Nikamkingia kikombe cha maji ya bomba. Alikunywa funda moja, akayamwaga yaliyobaki, akaondoka bila kuaga. Kesho yake nilimtuma mtu na barua mbili, moja Mwera na moja Tanga. Ile ya Tanga niliiandika mara tano. Niliambatanisha kurasa za daftari langu, za kweli, na kando yake nakala ya fomu, za uongo, ili mtu azione pamoja.

Fundi Yohana alifika kwanza. Nilitegemea matusi. Alivua viatu, akaenda kumsalimu Bi Mejumaa, wakazungumza Kidigo na Kibondei kila mmoja kwa lugha yake na wakaelewana. Aliporudi aliniuliza, "Umekula?" Nikasema siwezi kula. "Utakula," akasema. "Kazi ya kuharibu umeimaliza. Ya kutengeneza ndiyo inaanza, nayo haifanywi na mtu mwenye njaa."

Bwana injinia alifika siku ya nne. Alisoma kurasa zangu amesimama. Halafu akatoa penseli na kunichorea: maji matamu yenye umbo la punje ya dengu, yamelala juu ya maji mazito ya chumvi, na mstari wa pampu ukiivuta ile chumvi juu. Kilikuwa kile chungu cha Bi Mejumaa, ila kwa penseli. Nilimwambia hivyo. Akairudisha penseli mfukoni, akasema, "Nilikisoma hiki chuoni. Nilipaswa kukuuliza kabla ya kuleta mashine." Nami nilipaswa kumuuliza yule bibi kabla ya kumjibu. Makosa yetu yalikuwa ya aina moja, ila langu lilikuwa na nyongeza ya uongo. Adhabu yangu ipo kwenye jalada, anayetaka aitafute.

Pampu iling'olewa. Kambi ikawa inaletewa maji kwa lori kutoka mtoni, yenye tope na yasiyotosha, na watu wa kule waliteseka kwa kosa ambalo si lao. Mimi niliachwa kijijini nipime visima vitatu kila wiki, safari hii chini ya Bi Mejumaa. Kile cha pampu kilifungwa. Cha kati kilikuwa na matone ishirini na mawili, kikafungwa nacho. Kikabaki kimoja, kile cha mbali, matone kumi na mawili, na kijiji kizima juu yake. Bi Mejumaa alikata kamba zikawa pima tatu. Kila nyumba ilipata kata zake zilizohesabiwa, na kambi ya manamba ilipewa sehemu kwa ajili ya watoto. Wapo waliopinga.

"Wale si wa hapa," mzee mmoja alimwambia mbele ya watu. "Maji ni ya kwetu."

"Ya kwako ni yale uliyokwisha kunywa," akamjibu. "Haya ni ya anayekuja."

Miezi ile ndiyo mirefu kuliko yote niliyofanya kazi. Kila Jumatatu nilipoanza kudondosha dawa watu walikuja kusimama nyuma yangu, wakihesabu kwa midomo. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Jumatatu matone yalipofika kumi na nne, mwanamke mmoja alikwenda nyumbani na kufunga mizigo, akahamia kwa kaka yake Moa. Familia nyingine mbili zikafuata. Niliona nyumba zikifungwa milango nikajua kila mlango ni wangu. Masika ya mwaka ule yalikuja haba. Nilikuwa nikisimama mvuani nikiwa nimelowa, nikikadiria kama inatosha.

Ulipoingia mwaka wa pili cha mbali kilirudi hadi tisa. Cha kati kilifuata polepole, na masika ya pili yalipokwisha kilifika kumi. Bi Mejumaa hakukifungua. Nilimwonyesha kichupa, nikamwambia kumi ni maji mazuri, hata kitabu kinasema. "Kitabu kinajua kimeumwa kwa muda gani?" akaniuliza. Alikiacha miezi minne zaidi. Sikubishana, na niliandika kwenye taarifa: kisima kimelala. Bwana injinia hakuuliza maana yake.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, kutoka Moa hadi kusini ya Pangani, nikafunga pampu nyingi tu. Pampu si adui. Lakini sikufunga hata moja bila kuuliza maswali ambayo hayamo kwenye fomu zenu: nani anakiangalia kisima hiki, kamba yake ni ndefu kiasi gani na kwa nini haizidi hapo, kinapumzishwa lini, na kipi watu hawakifanyi hapa hata kama hawakumbuki sababu. Mengine niliyoambiwa yalikuwa hayana msingi niliouona. Mengi yalikuwa vipimo, yamehifadhiwa na watu wasiokuwa na karatasi, kwa njia ambayo hata mtoto asingeyasahau. Sisi tulikuwa na hesabu ya maji yaliyopo leo. Wao walikuwa na hesabu ya maji ya mtu ambaye hajazaliwa. Naogopa kusema kwamba idara yetu imejifunza hilo. Naona mashine mpya zinavyoongezeka ufukweni, naona mnavyoandika "maji ni mengi" kwa mwandiko wa kujiamini, na nakumbuka zile nane zangu za kwenye fomu.

Bi Mejumaa alifariki zamani, na kazi yake aliichukua mpwa wake. Mwezi uliopita, baada ya kukabidhi funguo za ofisi, nilipanda basi kwenda kule. Visima viwili vinatumika. Kile cha pampu kina makuti mapya juu yake. Nilimkuta binti mmoja akichota kwenye cha kati, hajafikia hata umri wa kuolewa, nikamuuliza kile kingine kina nini.

"Kimelala," akasema.

"Tangu lini?"

Alifikiri. "Bibi yangu alikikuta kimelala. Kila mwaka baada ya masika tunaonja."

"Na mwaka huu?"

"Bado kidogo, babu," akasema, akajitwisha ndoo yake akaenda.